Sahihi ya Medvedev, vita ya nani?

Jana usiku rumu tulibishana mpaka saa nane: vita ya Georgia ya 2008 ilikuwa ya nani? Mwenzangu kashikilia Medvedev, maana alikuwa rais tangu Mei 7, tena amiri jeshi mkuu. Na Agosti 26 ndiye aliyetia sahihi kuzitambua Ossetia Kusini na Abkhazia. Sawa. Ila Agosti 9 aliyetua Vladikavkaz, karibu na uwanja wa mapigano, ni Putin, waziri mkuu tu, katokea Beijing kwenye Olimpiki! 2012 akarudi urais. 2014 akaichukua Crimea, 2022 akaivamia Ukraine kwa jeshi kubwa. Jamani walimu watarajiwa, tusikaririshe wanafunzi vyeo. Tuwaulize: madaraka yalikuwa kwa nani? Haya, nawahi lekcha.