Kodi ya Madirisha

Dirisha huipa nyumba hewa na mwanga. Hapana mtu mwenye busara aliye radhi kuliziba bila sababu. Hata hivyo, katika miji mingi ya Uingereza zimo nyumba za kale ambazo madirisha yake yamejazwa matofali. Si yote yaliyozibwa kwa sababu moja, maana waashi wengine walijenga madirisha ya uongo ili kuupamba ukuta. Lakini mengi yalizibwa kwa kuikimbia kodi.

Habari yenyewe yaanza mwaka 1696, zama za Mfalme William wa Tatu. Wakati huo wadanganyifu walikuwa wakikata kingo za sarafu za fedha, na Serikali ilihitaji mapato ya kufidia hasara hiyo. Zamani ilikuwapo kodi ya meko, nayo ilichukiwa mno, kwa kuwa mtoza kodi aliingia nyumbani mwa watu kuyahesabu meko yao. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1689. Madirisha, kinyume cha meko, yaliweza kuhesabiwa na mtu aliyesimama njiani. Basi kila nyumba ikatozwa shilingi 2 kwa mwaka, na yenye madirisha 10 au zaidi ikaongezewa.

Nia ilikuwa njema: tajiri ana nyumba kubwa, na nyumba kubwa ina madirisha mengi. Lakini watu waliitafutia sheria mwanya. Aliyekuwa na madirisha 10 aliziba moja akabaki na 9. Mwaka 1766 kodi ilipoanza kuongezwa kwenye madirisha 7, nyumba zenye madirisha 7 zikapungua sana.

Mwaka 1776 mwanachuoni Adam Smith alionyesha kasoro nyingine. Nyumba ya kodi ndogo shambani yaweza kuwa na madirisha mengi kuliko nyumba ya thamani kubwa mjini London. Hivyo maskini hulipa zaidi ya tajiri. Mjini nako, jumba lililogawanywa vyumba vya wapangaji wengi lilihesabiwa kuwa nyumba moja. Mwenye jumba aliziba madirisha ili apunguze kodi yake, na wapangaji ndio waliokaa gizani, wakivuta hewa nzito pamoja na watoto wao. Madaktari walilalamika kwamba magonjwa yalistawi katika vyumba hivyo.

Ushuru wa vioo ulifutwa mwaka 1845, na kodi ya madirisha mwaka 1851, mahali pake pakawekwa kodi iliyofuata thamani ya nyumba. Mwaka huo huo, katika bustani ya Hyde Park, lilifunguliwa jumba kubwa la vioo na chuma lililoitwa Crystal Palace. Wenye nyumba waliweza sasa kuyabomoa matofali na kutia vioo. Waliochelewa walituachia ushahidi ukutani.

Tusiwacheke watu hao. Hapa Kenya, serikali ya kikoloni ilipoweka kodi ya kibanda mwanzoni mwa karne ya 20, watu wengi walisongamana katika vibanda vichache ili hesabu ipungue. Kwa hiyo anayetunga sheria hana budi kujiuliza maswali mawili: atapata fedha kiasi gani, na watu watajinyima nini ili wasilipe? Wabunge wa mwaka 1696 walilijibu la kwanza. Jibu la pili lilitolewa na wapangaji, kwa afya zao, kwa muda wa miaka 155.