Baa ya Samaki ya Mwambaoni Kampala

Baa ya samaki ni mahali panapouzwa samaki mzima na pombe chini ya paa moja, kila kimoja kikimwita mteja wa kingine. Si mgahawa, kwa kuwa kinywaji cha mgahawa ni chai na soda. Wala si baa tupu, ambayo nyama yake huchomwa na mtu wa nje. Jijini Kampala, baa hizi hupatikana zaidi mwambaoni mwa Ziwa Victoria: Ggaba, takriban kilomita 10 kusini-mashariki ya katikati ya jiji, Munyonyo, na Port Bell huko Luzira.

Daraja zake ni mbili. Ya mwaloni ina viti vya plastiki na bei ya mapatano: mteja huchagua samaki kwenye beseni, na bei hukatwa kwa ukubwa wake kabla ya mafuta kupata moto. Ya hoteli huwa na menyu, vitambaa mezani na mvinyo, ambao kwa sehemu kubwa hutoka nje, hasa Afrika Kusini. Munyonyo, penye hoteli iliyotumika katika mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola mwaka 2007, ndiko daraja hii inakoonekana vizuri. Hoteli nyingine huweka pembeni baa nyepesi isiyo na vitambaa, kwa mtu anayetaka glasi moja bila kuvaa koti.

Samaki wanaotawala ni sato na sangara. Dagaa, anayeitwa mukene, huishia zaidi sokoni na kwenye chakula cha mifugo. Ajabu ni kwamba sato na sangara wote wawili ni wageni. Sangara na sato wa Mto Nile waliingizwa ziwani miaka ya 1950, na ngege wa asili amekuwa adimu tangu hapo. Minofu ya sangara husafirishwa nje. Mifupa na kichwa, viitwavyo mapanki Mwanza na mgongo wazi Kisumu, hubaki kwa walaji wa kando ya ziwa. Sheria ya Uganda hukataza kuvua sangara chini ya inchi 20 na sato chini ya inchi 11, na mwaka 2017 askari wa jeshi walianza kuisimamia ziwani.

Sato huparuliwa magamba, hutolewa matumbo, huchanjwa ubavuni kwa kisu ili chumvi iingie, kisha huzama katika mafuta mengi hadi mapezi yakauke. Huletwa na ndimu, kachumbari, na chipsi, matoke au posho, jina la Uganda la ugali. Kungoja nusu saa ni jambo la kawaida, na nusu saa hiyo ndiyo inayoifanya baa iwepo.

Katika vinywaji, bia hutangulia. Bell hutengenezwa Luzira na Uganda Breweries, kampuni iliyoanzishwa 1946, kwa hiyo mnywaji wa Port Bell hunywa bia ya jirani. Waragi, pombe kali ya Uganda, hufuata. Malwa, pombe ya ulezi, haiingii katika baa hizi: hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja kinachoongezwa maji ya moto, wanywaji wakikizunguka kwa saa kadhaa, na kwa sababu hiyo ina vilabu vyake.