Pua ya Mnyamwezi ikoje?

Haya wadau, leo tuache habari za bumu, tuongee historia kidogo.

Pale vimbwetani kuna utani hauishi: mtu anaangaliwa pua, kimo na rangi, halafu anagawiwa kabila. Akisema kwao Tabora, watu wanabisha: "Wewe? Mbona hufanani!" Jamani, kufanana na nani?

Karne ya 19 Tabora, ambayo wageni waliiita Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara. Ukitoka Bagamoyo ukafika pale, unachagua: magharibi Ujiji na Kongo, au kaskazini Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wengine wakabaki hukohuko. Waarabu na Waswahili nao walipanda bara wakaoa. Baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alioa binti wa mtemi Fundikira. Watusi walichunga ng'ombe Unyamwezi. Wamanyema wengi waliletwa kutoka Kongo kwa nguvu, kama watumwa, na wajukuu zao ni watu wa Tabora mpaka leo. Sasa hapo sura ya "asili" utaipata wapi?

Kuna mtu alipita njia hiyohiyo akadhani ameipata. John Hanning Speke alifika Kazeh mwaka 1857 akiwa na Burton, akarudi 1861 akielekea Karagwe. Alipowaona watawala warefu wenye pua nyembamba, akaamua kwamba hao ni uzao wa wavamizi kutoka Uhabeshi. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa sura! Akaandika hivyo kwenye kitabu cha 1863. Wakoloni wakaipenda hadithi hiyo. Rwanda, miaka ya 1930, Wabelgiji wakaandika Mhutu, Mtutsi na Mtwa kwenye vitambulisho. Mwaka 1994 kitambulisho hicho kilitosha kumpeleka mtu kaburini.

Sayansi inasemaje? Mwaka 1972 Richard Lewontin alipiga hesabu akakuta kama asilimia 85 ya tofauti za kurithi zimo ndani ya kundi lilelile la watu, siyo kati ya kundi na kundi. Mwaka 2009 Sarah Tishkoff na wenzake walipima vinasaba vya makundi 121 ya Afrika, wakiwemo Wahadza na Wasandawe wetu, wakaona kwamba hakuna bara lenye tofauti nyingi kama hili.

Sisemi tofauti hazipo. Zipo, ila hazifuati mipaka ya kabila. Chukua selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba ukirithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu, inakukinga na malaria kali. Ndiyo maana ipo kwetu, na ipo pia Ugiriki, Uarabuni na India. Inamfuata mbu, haijui nani Msukuma, nani Mgiriki.

Sasa sisi tunaosomea ualimu, hii inatuhusu sana. Kesho tutasimama mbele ya kidato cha pili, watoto sitini, na mmoja ataitwa "siyo wa hapa" kwa sababu ya pua yake. Mwalimu ukicheka nao, umefundisha somo la Speke bila kufungua kitabu. Ukitaka kujua mtu ni wa wapi, muulize, halafu muamini.

Nawasilisha. Tuonane wiki ijayo.