HESABU YA MAMA SHUKURU (Sehemu ya 4)

ILIPOISHIA: Kompyuta ya ghala la mpunga la Mama Shukuru, pale Kibaoni mjini Ifakara, imegoma kuwaka. Shukuru, mwanawe wa kidato cha tatu, aligusa mipangilio ili gemu lake liende kasi. Keshokutwa Jumatatu wakulima wanakuja kupiga hesabu za msimu. Usiku huohuo Fundi Salehe anabisha hodi…

SASA ENDELEA

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Mgonjwa mwenyewe huyo hapo."

Fundi Salehe alibonyeza kitufe cha kuwashia. Feni zikazunguka, taa ya mbele ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi. Akasikiliza kwa muda, kisha akazima na kuchomoa waya ukutani.

"Shukuru, sogea hapa, mdogo wangu. Niambie ulichogusa, kimoja baada ya kingine. Sikugombezi."

"Niliingia kwenye bayosi, kaka. Nikapandisha kasi ya rami mpaka mwisho, nikasevu. Ikajizima, na tangu hapo ndiyo hivi."

Fundi akamgeukia Mama Shukuru. "Basi tusikate tamaa. Mashine ikiwashwa hujikagua kwanza, na rami ni kati ya vitu vya mwanzo kukaguliwa. Hii imeamriwa kwenda kasi isiyoiweza, inakwama kabla hata ya kuifikia diski. Diski yenyewe haijaguswa."

"Kwa hiyo hesabu zangu zipo?"

"Zipo, mama."

Mama Shukuru akashusha pumzi. Ndani ya hesabu hizo kulikuwa na mzee wa Mngeta na mpunga wake wa SARO 5, na mjane wa Mofu aliyehifadhi mpunga wa Supa asiuuze kwa bei ya mavuno, apate ada ya watoto. Vikaratasi vya mizani wanavyo mikononi, lakini vinaonyesha uzito tu. Nani alikopa mbolea, nani ameshachukua nusu ya fedha, nani mzigo wake umekobolewa, vyote vimo kwenye kompyuta. Tangu ghala lifunguliwe hakuna mkulima aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa jibu la "njoo kesho."

Fundi akafungua ubavu wa mashine. Vumbi la pumba lilikuwa limetanda kila pembe, mpaka kwenye mapanga ya feni. Akalipangusa kwa brashi taratibu, akashika chuma cha boksi kutoa umeme wa mwilini, kisha akamulika kwa tochi ya simu. Karibu na ukingo wa bodi kuna betri ya duara, imeandikwa CR2032.

"Unaiona hii? Mashine ikiwa imezimwa, hii ndiyo inayoiwezesha saa kutembea. Kwenye bodi kama hii hata mipangilio ya bayosi huishikilia yenyewe. Ukiichomoa, bayosi inarudi ilivyotoka kiwandani."

Akakisukuma kishikizo kwa ncha ya bisibisi, betri ikaruka kiganjani. Akabonyeza kitufe cha kuwashia huku waya ukiwa bado umechomolewa, umeme uliobaki ndani uishe. Wakasubiri dakika kadhaa bila mtu kusema neno. Akairudisha betri, akachomeka waya, akawasha.

Kioo kikawaka!

"Alhamdulillah!" Mama Shukuru akapiga makofi.

Fundi hakushangilia. Juu ya kioo palikuwa na maandishi meupe, naye akayasoma polepole kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Chipu ya usalama imeona mabadiliko. Bonyeza Y kuifuta. Bonyeza N kuendelea na kumbukumbu zake za zamani." Akainua kidole. "Hapa ndipo watu wengi huharibu. Jibu letu ni N. Asiguse mtu, kibodi hii ina vumbi, nachukua yangu."

Akainama kwenye begi lake.

Tak.

Alipoinuka, kidole cha Shukuru kilikuwa bado juu ya Y. Mashine ikajizima, ikajiwasha. Kioo kikageuka buluu kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati pakatokea kisanduku kitupu: BitLocker inataka ufunguo wa tarakimu 48.

"Shukuru, umefanya nini?" Sauti ya fundi ilikuwa imeshuka. "Chipu ile ndiyo iliyokuwa ikiifungulia diski kila asubuhi. Sasa imefutwa. Bila tarakimu hizo 48 hata mimi siingii, wala fundi yeyote wa Morogoro au Dar."

"Tunazipata wapi?" Mama Shukuru aliuliza.

"Zikichapishwa, zipo kwenye karatasi. Zisipochapishwa, huenda zipo kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeisajili mashine. Nani aliisajili, mama?"

Mama Shukuru akaketi juu ya gunia. "Ayubu."

Fundi alimjua Ayubu. Kibaoni nzima ilimjua: karani aliyefukuzwa mbele ya wakulima kwa kuchezea mizani, akaondoka akiapa kwamba ghala hili litafungwa.

"Na wewe Shukuru, mambo ya rami alikufundisha nani?"

Kijana hakujibu. Simu yake, iliyokuwa mezani kando ya kibodi, ikatetemeka. Mama Shukuru akaiwahi, akasoma ujumbe kwa sauti:

"Umeshabonyeza Y? Usimwambie mama yako. Niko nje, getini."

Geti likagongwa.

ITAENDELEA WIKI IJAYO