Ufundi wa nyaya za umeme katika magari ya mashindano

GARI la mashindano linapozimika ghafla porini, watazamaji hudhani injini imekufa. Wakati mwingine injini ni nzima kabisa, na kilichokatika ni waya mmoja mwembamba unaopeleka habari kwa kompyuta ya gari.

Safari Rally, iliyoanzishwa mwaka wa 1953 na kurejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, ni mtihani mgumu kwa nyaya hizo. Vumbi laini la Naivasha hupenya kila mwanya, mvua hugeuza njia kuwa tope, na mawe hutikisa gari bila kukoma.

Kazi ya kutengeneza mfumo wa nyaya, ambao mafundi wengi huuita wayaringi, huanzia kwenye karatasi. Kila waya huandikwa unakotoka, unakokwenda na kiasi cha umeme utakaobeba. Kisha fundi hupitisha kamba ndani ya gari ili kupima urefu halisi wa kila njia.

Waya wa kawaida huvikwa plastiki ya PVC, ambayo hulainika karibu na injini yenye joto kali. Timu kubwa hutumia waya wa aina inayotengenezewa ndege, wenye ganda la plastiki ya ETFE inayostahimili nyuzi 150 za selsiasi. Ganda hilo ni jembamba, hivyo uzani hupungua.

Nyaya hazilazwi sambamba na kufungwa tu. Mmoja huwekwa katikati, sita huuzunguka, kisha kumi na wawili, kila tabaka likisokotwa kinyume cha lililotangulia. Fungu lililosokotwa hivyo hupindika kwa urahisi, kwa kuwa hakuna waya unaobaki upande wa nje wa kona na kuvutwa peke yake.

Penye viungo ndipo matatizo mengi huzaliwa. Fundi aliyezoea redio atataka kulehemu kwa risasi. Lakini risasi iliyoyeyuka hupanda ndani ya nyuzi za shaba na kuzifanya ngumu kama msumari. Pale ugumu unapokoma, mtetemo huzivunja uzi baada ya uzi. Kwa sababu hiyo, ncha za nyaya hubanwa kwa koleo maalumu linalolingana na unene wa waya na aina ya pini. Koleo la kawaida halifai hata kidogo. Fundi makini hubana vipande vya majaribio na kuvivuta kwa nguvu kabla ya kugusa nyaya zenyewe.

Fungu likikamilika huvishwa mpira unaosinyaa kwa joto, ambao huzuia mafuta, maji na mikwaruzo. Utepe mweusi, kipenzi cha gereji nyingi, hauwezi kuchukua nafasi yake: gundi yake hulainika kwa joto na kunasa uchafu.

Nyaya zinazotoka kwenye bodi kwenda kwa injini huachiwa ulegevu kidogo, maana injini huyumba. Zile za kifaa kinachopima mzunguko wa injini husokotwa pamoja na kutengwa na koili za kuwasha mafuta, la sivyo kompyuta hupokea ishara za uongo.

Kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, hudai pia swichi kuu inayokata umeme wote na kuzima injini, na ambayo inaweza kufikiwa kutoka ndani na nje ya gari. Alama yake ni radi nyekundu ndani ya pembetatu ya samawati yenye ukingo mweupe. Kukata betri pekee hakutoshi, kwani alteneta inayozunguka huweza kuendelea kulisha injini umeme hata baada ya ajali, huku petroli ikimwagika.

Kabla ya mfumo kufungwa garini, kila waya hupimwa kutoka ncha hadi ncha huku fundi akiutikisa kwa mkono. Kipimo kikicheza, kiungo hicho hukatwa na kufanywa upya.