Kabla Hujaenda Nairobi Kuuza Sura na Ndinga, Soma Hii Kwanza

Kuna staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, aliwahi kutupia picha ameegemea ndinga nyekundu ya milango miwili, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi, chini kaandika "jasho langu". Watu tukapongeza weee! Wiki hiyohiyo ndinga ileile, namba zilezile, ikaonekana imembeba bwana harusi Mbagala. Kumbe ya kukodi. Sina ugomvi naye, kukodi siyo dhambi. Nimemkumbuka kwa sababu mimi na washkaji zangu wawili nusura tufanye kituko hichohicho, tena ugenini.

Iko hivi. Kila mwaka, mwishoni mwa Septemba, wenye magari makali hukutana Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Mkusanyiko huo unaitwa Concours d'Elegance, na wanaouandaa ni klabu ya wenye Alfa Romeo, zile gari za michezo za Kitaliano. Wameanza tangu 1970, na washiriki hutoka hadi Uganda. Mwaka huu na sisi tukasema twende. Tumechanga mkwanja, unatosha nauli na malazi ya watu watatu, halafu kuna chenji inabaki. Ugomvi ukaanzia kwenye hiyo chenji. Mshkaji mmoja anataka tukodi ndinga kulekule Nairobi kwa siku moja, tuingie nayo kwa kishindo, tupige picha za mwaka mzima. Na mimi nilikuwa upande wake kabisa. Nilibadilika nilipoanza kufuatilia haya mambo yalitoka wapi.

Tuanze mbali kidogo. Hayo maneno ni ya Kifaransa, maana yake ni kama kusema mashindano ya umaridadi. Huko Ufaransa karne ya 17, matajiri wa Paris walikuwa wanapitisha magari yao ya kuvutwa na farasi kwenye bustani ili watu wawaone. Yaani kuuza sura hakujaanza na simu! Magari ya injini yalipokuja, mchezo ukahamia huko. Mwaka 1929 Italia wakaanzisha ya Villa d'Este, pembeni ya ziwa Como. Mwaka 1950 Marekani nao wakaanza ya Pebble Beach, California, ambayo leo ndiyo inatajwa sana duniani.

Pale Pebble Beach miaka ya mwanzo tuzo kubwa ilikuwa inaenda kwa gari mpya. Mwenye hela ananunua, analeta, anashinda. Ila mwaka 1955 akatokea jamaa anaitwa Phil Hill, dereva wa mbio ambaye alianzia kwenye ufundi gereji. Akaja na Pierce-Arrow la mwaka 1931, gari la familia yao, alilolifufua kwa mikono. Gari lina miaka 24, na likabeba tuzo kubwa. Tangu hapo mambo yakageuka, gari kuukuu lililotunzwa likawa ndiyo mfalme wa pale. Huyo Phil Hill miaka sita baadaye, 1961, akawa bingwa wa dunia wa Formula One. Kwa hiyo siku ile gari jipya la tajiri lilipigwa na gari la zamani la fundi.

Sasa turudi kwetu, maana Nairobi nayo haikuokota mapenzi ya magari barabarani. Mwaka 1953, Elizabeth wa Pili alipotawazwa Uingereza, walowezi wa huku waliamua kusherehekea kwa mashindano ya magari yaliyoitwa Coronation Safari. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kilichonishangaza ni kwamba gari zilikuwa za kawaida, za dukani, na madaraja yalipangwa kwa bei ya gari, siyo kwa ukubwa wa injini. Kuanzia 1960 yakaitwa East African Safari Rally, na dunia nzima ikaanza kuja kujipima kwenye vumbi na tope letu. Mwaka 1963 ziliondoka gari zaidi ya 80, zikamaliza saba tu. Mwaka 1968 ikawa hivyohivyo, saba tu! Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, na gari lilikuwa Peugeot 404, gari ambalo wengine babu zetu walipakia mikungu ya ndizi.

Halafu kuna Joginder Singh, Mkenya mzaliwa wa Kericho, aliyeanza maisha kwa kushika spana. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant walishinda na Volvo PV544 iliyokwishatumika kwenye mashindano ya Ulaya. Mtumba, kwa Kiswahili cha kitaa. Baadaye akashinda tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Na kama wewe ni mtu wa gari za michezo hasa, jua kwamba Datsun 240Z, ile yenye boneti refu, ilishinda Safari mwaka 1971 na tena 1973. Lile la 1971 lipo hadi leo Japani, Nissan wanalitunza kama mboni ya jicho.

Majina hayo yote yameandikwa. Ambayo hayajaandikwa ni ya wale waliolala chini ya gari usiku kubadilisha springi, na ya vijana wa vijijini waliosukuma gari zilizozama kwenye tope. Mmoja wao namjua.

Mtaani kwetu kuna mzee wa gereji, jina lake namhifadhia kwa sababu yeye mwenyewe hapendi makuu. Amekulia Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Safari ilipopita huko yeye alikuwa mtoto wa shule. Anasema walikuwa wanasikia mlio wa gari kabla ya kuona taa, na mvua ikinyesha walijua kuna kazi ya kusukuma. Hajui alisukuma gari la nani. Anakumbuka tu lilikuwa la moto, na kwamba lilipochomoka lilimwagia tope mwili mzima, akaenda nyumbani akachapwa na mama yake huku anacheka.

Katikati ya miaka ya 1970 mashindano yakabaki Kenya peke yake. Yeye akawa ameshaamua kuwa fundi. Mjomba wake alikuwa gereji moja Nairobi, akamwita aje ajifunze kazi. Nguo zikafungwa. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka ulifunguliwa tena 1983. Kufikia hapo mjomba alishafariki, na mzee alishapata mke, mtoto na benchi la kazi Gerezani. Nairobi hajawahi kufika mpaka leo. Kutoka hapa ni safari ya basi tu, lakini yeye imemchukua miaka karibu 50 na bado.

Nilipomsimulia habari ya Concours, swali lake la kwanza halikuwa bei ya magari. Aliuliza, "Majaji wanaangalia nini?" Nikamwambia nilichosoma: wanafungua boneti, wanakagua injini, buti, viti, rangi, halafu wanachungulia mpaka chini ya gari, kila sehemu ina pointi zake. Pikipiki nazo zina madaraja yake. Mzee akatabasamu. Akasema, "Basi hao wanamkagua fundi, siyo mwenye gari."

Wadau, hapo ndipo nilipoaibika na mpango wetu. Fikiria unaingia mahali ambapo mtu amesugua tumbo la gari lake kwa mswaki miezi mitatu, wewe umekuja na ya kukodi ambayo hujui hata oili inawekwa wapi. Picha utapata, sikatai. Ila ukiulizwa swali moja tu na mwenye gari la jirani, utatafuta choo kilipo.

Kwa hiyo kikao kikakaa upya. Hesabu ikaonyesha kwamba hela ya kukodi ndinga siku moja inatosha nauli ya kwenda na kurudi ya mtu mmoja pamoja na malazi. Yule mshkaji alinuna siku mbili. Siku ya tatu mzee akamtengenezea breki za bodaboda yake bure, bila kujua kuna ugomvi wowote. Akaja mwenyewe akasema poa, kiti cha nne ni cha mzee. Na hatuwezi kusema mwakani, maana jicho lake la kushoto limeanza kuingia ukungu, na la kulia analitegemea kwa kazi.

Kama na wewe unapanga kwenda, shughulikia pasipoti au hati ya kusafiria sasa hivi, usisubiri wiki ya mwisho. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukienda na gari lako, kata bima ya kadi ya njano ya COMESA, kwa sababu bima yako ya hapa nyumbani inaishia Namanga. Kuna kiingilio, na kuna jua, kwa hiyo kofia muhimu. Halafu ukifika, usikimbilie picha. Muulize mwenye gari swali moja: fundi wako nani? Utaona uso unavyobadilika, na huenda fundi mwenyewe amesimama nyuma yake na kitambaa mkononi, hakuna anayempiga picha.

Jana nilimpelekea mzee fomu za hati ya kusafiria. Alifuta mikono, akaishika kwa ncha za vidole isichafuke, akaisoma yote taratibu. Kisha akauliza, "Wanaruhusu kushika magari?"

Nikamwambia, "Kushika hapana mzee, kuangalia ruksa."

"Sawa," akasema. "Mimi nitaangalia chini."