Kujitolea Kuna Gharama Yake

Ndugu wana Bagamoyo,

Chuo cha Sanaa kilipoanza hapa kwetu mwaka 1981, watoto wa mitaani walichungulia mazoezi ya ngoma hadi wakazijua. Mwaka uliofuata tukapata tamasha. Katika miaka hiyo ya 1980, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, walikwenda Msoga. Hawakwenda kuhutubia: wanakijiji walitaja matatizo yao wenyewe, wakayaigiza, kisha wakayajadili hadharani. Mwaka 2002 jumba la maonyesho la chuo liliungua, lakini chuo hakikufa. Tangu 2007 kinaitwa TaSUBa.

Sisi tunaoshika daftari la hesabu tumejifunza jambo moja: kujitolea si bure. Mwanachuo anayekuja Jumamosi kuwafundisha vijana wetu anahitaji nauli, chakula cha mchana na ngoma isiyochanika. Tusipolipa sisi, atalipa yeye, na mwishowe hatarudi. Kijana aliyekuwa akimsubiri naye atapanda basi la Dar es Salaam kutafuta kibarua.

Mchango wako wa mwaka huu ndio nauli hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.